KUANDIKA SI KUHIFADHI



Watu wengi hudhani kwamba neno likishaandikwa limeshasalimika. Husema la mdomoni hupeperuka na la karatasini hubaki. Usemi huu una ukweli wake, lakini si ukweli wote. Ni barua ngapi zilizoandikwa kwa khati nzuri zikaliwa na mchwa ndani ya sanduku? Na ni madaftari mangapi yaliyotunzwa vyema, yasiguswe na mdudu wala maji, na bado hapana ajuaye ndani yake mna nini wala ukurasa gani ufunuliwe? Hakika baina ya kuandika na kuhifadhi pana hatua, na baina ya kuhifadhi na kukipata unachokitaka pana hatua nyengine. Mwenye kuiruka moja katika hatua hizo amezipoteza zote.

Nataka tulitazame jambo hili katika tarikh ya barua za kompyuta, hizi ziitwazo barua-pepe, na khasa barua za mabaraza yake ya mwanzo. Nimelichagua kwa sababu tunaambiwa kila siku kwamba mitambo haisahau kitu. Tarikh yatuonyesha kwamba mitambo imekwisha kusahau mengi, na kwamba kile kilichosalia kilisalia kwa kuwa alikuwapo mtu aliyekubali taabu ya kukitunza.

Mabaraza ya barua

Mwaka 1971 mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alipeleka barua kutoka kompyuta moja hata nyengine kwa njia ya mtandao ulioitwa ARPANET. Mtandao huo ulianza mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ukiunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Tomlinson ndiye aliyeichagua ile alama ya @ ili itenge jina la mtu na jina la kompyuta yake.

Haukupita muda mrefu watu wakatambua kwamba barua moja yaweza kuwafikia watu wengi kwa mara moja. Huwekwa orodha ya majina mahali pamoja. Barua ikifika hapo, nakala yake humwendea kila aliyemo orodhani. Na akijibu mmoja, wote hulisoma jibu lake. Hili ni kama baraza letu la jioni, ila waliolikaa walikuwa miji mbalimbali na hawakuonana nyuso. Mwaka 1975 lilianzishwa katika ARPANET baraza la namna hii likiitwa MsgGroup, na mazungumzo yake makubwa yalikuwa juu ya barua zenyewe: zipangwe vipi, na juu yake paandikwe nini.

Mwaka 1981 Ira Fuchs wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York na Greydon Freeman wa Chuo Kikuu cha Yale wakaanzisha mtandao mwengine kwa ajili ya vyuo, ukaitwa BITNET. Kwa mtandao huu wakaingia wanazuoni wa fani nyengine ambao hawakuwa mafundi wa kompyuta. Miongoni mwa mabaraza yao ni lile liitwalo Humanist, lililoanzishwa na Willard McCarty mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kwa ajili ya watu wa lugha, tarikh na fasihi wanaotumia kompyuta katika kazi zao.

Mabaraza yalipokuwa mengi, kazi ya karani ikawa nzito. Anayetaka kuingia aliandika kwa msimamizi, naye msimamizi alikuwa binadamu mwenye shughuli zake, basi mtu akangoja. Mwaka 1986 Eric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi mjini Paris, akatunga programu iitwayo LISTSERV kuifanya kazi hiyo. Programu hiyo ilipokea majina na kuyafuta, ikagawa barua, na kila barua iliyopita mikononi mwake ikaweza kuiweka nakala yake. Lililo muhimu kwetu ni hili la mwisho.

Kumuuliza karani

Sikiliza, ndugu msomaji, namna neno la zamani lilivyotafutwa. Barua za baraza ziliwekwa katika mafaili, aghalabu faili moja kwa kila mwezi, na jina la faili likabeba tarehe yake. Faili lililoitwa LOG8709 lilikuwa na barua za mwaka 87, mwezi wa 9. Mtafutaji hakuwa na kitabu cha kufunua wala kioo cha kugusa. Aliandika barua, akaipeleka kwa karani huyo asiye na mwili, na ndani yake akaandika neno moja la amri na jina la baraza. Akiandika INDEX, alirudishiwa orodha ya mafaili yaliyopo. Akiandika GET na jina la faili, aliletewa faili zima. Kisha akangoja, kwani barua ilipita kompyuta hata kompyuta, na jibu likarudi kwa njia ile ile.

Lakini faili la mwezi mzima laweza kuwa na mamia ya barua, na mtu anataka moja tu. Kwa hivyo palikuwa na njia ya kutafuta kwa neno. Katika miaka ya mwanzo amri zake zilikuwa mistari kadhaa iliyopangwa kwa utaratibu maalum. Baadaye zikafupishwa zikawa mstari mmoja: amri ya SEARCH, neno linalotafutwa, jina la baraza, na tarehe ya kuanzia. Karani alijibu kwa orodha: barua nambari kadha, ya tarehe kadha, yenye kichwa kadha. Mtafutaji akaisoma orodha, akachagua, kisha akaandika barua ya pili kuziomba zile nambari alizozitaka.

Hapa pana funzo. Karani huyu alijibu neno na hakujibu nia. Ukiuliza juu ya kamusi na waandishi wale walikuwa wakiandika "msamiati", utarudishiwa mikono mitupu ilhali unachokitaka kimo ndani. Aliyefaulu ni yule aliyejiuliza kwanza: watu wale, katika mwaka ule, jambo hili walikuwa wakiliita nani? Na kichwa cha barua kilikuwa na thamani yake. Aliyeandika kichwa kilicho wazi alimsaidia mtu asiyemjua atakayekuja baada ya miaka 20, na aliyeandika "swali" peke yake, barua yake ilizama miongoni mwa maswali mia.

Tena juu ya kila barua paliandikwa nani ameipeleka, lini, na kompyuta zipi zimeipitisha njiani, kila moja ikiweka alama yake. Mwanafunzi wa madrasa hataliona hilo kuwa jambo geni, kwani hufundishwa kuuliza: neno hili umelipokea kwa nani, naye alilipokea kwa nani? Neno lisilo na jina wala tarehe likipatikana, hupatikana likiwa yatima.

Uvivu wa kutafuta

Usidhani, hata hivyo, kwamba njia ikiwapo watu huifuata. Lilikuwako baraza la barua likizungumza juu ya safari za anga za juu, likiitwa SPACE. Barua zake za nyuma zilikuwa zimewekwa, na mgeni alitarajiwa azichukue na kuzisoma kabla ya kuuliza. Wageni wengi hawakufanya hivyo, kwani kuuliza kulikuwa kwepesi kuliko kutafuta. Maswali yale yale yakarudi na kurudi, na wenyeji wakachoka. Baina ya mwaka 1982 na 1985, Eugene Miya wa shirika la NASA akawa anayakusanya maswali yanayorudiwa pamoja na majibu yake na kuyapeleka barazani mara kwa mara. Mtindo huo ukaenea, na mpaka leo utaona ukurasa wa "maswali yanayoulizwa mara kwa mara" kila mahali.

Tendo lile lilikuwa zuri, lakini litazame pia kwa jicho la adabu. Mwenye kuuliza lililokwisha kujibiwa, na jibu limo mkononi mwake, anawala wenzake wakati wao. Mwenye kutafuta kwanza kisha akauliza lililobaki, ndiye anayeliongezea baraza elimu.

Alama iliyopotea miaka 20

Sasa tuangalie mahali ambapo karani hakuwekwa. Mwezi wa Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, walimu na wanafunzi walikuwa na ubao wa matangazo ndani ya kompyuta, kila mtu akiandika na kila mtu akisoma. Mmoja akauliza swali la fizikia: ikiwa ndani ya lifti pana mshumaa unaowaka na tone la zebaki sakafuni, kisha kamba ya lifti ikakatika, mshumaa utakuwaje na zebaki itakuwaje? Mwengine akaongeza mzaha. Akaandika onyo kwamba lifti moja ya jengo imechafuliwa na zebaki kwa sababu ya majaribio ya fizikia, na kwamba pana athari ya moto kidogo. Zebaki ni sumu, nanyi mwajua habari ya moto. Wako walioifuata habari tangu mwanzo wakacheka, na wako waliokuta onyo peke yake wakaliamini, ikabidi paandikwe maelezo kwamba ulikuwa mzaha.

Ndipo wakazungumza juu ya upungufu wa barua: haina uso wala sauti. Anayekufanyia mzaha barazani unamwona akitabasamu; anayekuandikia humwoni. Watu wakapendekeza alama hii na ile ya kuonyesha mzaha. Tarehe 19 Septemba 1982, saa 5 na dakika 44 za asubuhi, Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa chuo hicho, akapendekeza nukta mbili, kistari, na bano la kufunga, msomaji alaze kichwa aone uso unaotabasamu. Akataja pia alama ya uso ulionuna kwa mambo yasiyo mzaha. Alama hizo zikavuka chuo na bahari, na nyuso ambazo watoto wetu huzituma kwa simu leo ni jamaa zake.

Alama ikaenea, lakini barua yenyewe ikapotea. Fahlman mwenyewe hakuweka nakala. Miaka ikapita, ikabaki kumbukumbu ya kichwani, na kumbukumbu ya kichwani hata kwa mtu mkweli haina tarehe wala saa. Mwishowe Mike Jones wa kampuni ya Microsoft akahimiza itafutwe, na Jeff Baird pamoja na wafanyakazi wa kompyuta wa chuo wakaifanya kazi.

Hawakuwa na fahirisi ya kuuliza. Walichokuwa nacho ni tepu za zamani za akiba, zilizonakiliwa kwa kuogopa mtambo usije ukaharibika, si kwa ajili ya wana tarikh. Kwanza ilibidi zipatikane tepu za mwaka ule. Kisha utafutwe mtambo wa kuzisoma ambao bado unafanya kazi, kwa kuwa tepu za namna ile zilikuwa zimekwisha kuachwa. Kisha yafasiriwe maandishi yaliyowekwa kwa mpango uliosahauliwa. Na baada ya yote hayo ndipo barua zisakwe moja moja. Tarehe 10 Septemba 2002, siku 9 kabla ya kutimia miaka 20, barua ikapatikana katika tepu ya akiba ya mwezi wa Oktoba 1982, na pamoja nayo mazungumzo yaliyoitangulia, zebaki na lifti na yote.

Linganisha, ndugu msomaji. Mahali palipowekwa karani tangu mwanzo, barua mbili zilitosha kulipata neno. Mahali ambapo hakuwekwa, ilihitajika jamaa nzima ya mafundi, na bahati juu yake. Lau tepu ile moja ingelifutwa ili itumiwe tena, kisa hiki kingalibaki dai lisilo na shahidi.

Tepu 141

Wako watu ambao hawakungojea bahati. Mwaka 1980 ulianza mtandao wa mazungumzo uitwao Usenet, uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis. Huu haukupeleka barua katika sanduku la kila mtu. Kila chuo kilipokea nakala, watu wakasoma, na baada ya siku kadhaa nakala zikafutwa kwa uchache wa nafasi. Kufuta ndiyo iliyokuwa dasturi, na hapana aliyelaumiwa kwa kufuta.

Lakini katika Idara ya Zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto alikuwapo Henry Spencer. Tangu mwaka 1981 hata 1991 akawa anayaweka maandiko hayo katika tepu, mpaka zikafika tepu 141 zenye maandiko zaidi ya milioni 2. Baadaye David Wiseman wa Chuo Kikuu cha Western Ontario na wenzake wakazisoma tepu hizo na kuyahamisha yaliyomo. Kampuni ya Google, ambayo Februari 2001 ilinunua hazina ya kampuni ya Deja iliyokusanywa tangu 1995, ikaziunganisha hazina hizi na nyengine, na mwezi wa Disemba 2001 ikafungua mlango: maandiko kiasi cha milioni 700 ya miaka 20, yatafutike kwa neno moja. Sehemu kubwa ya miaka ile ya mwanzo ilitoka katika mikono ya mtu mmoja aliyeacha kufanya waliyoyafanya wengine wote.

Sitara nayo ni haki

Hapa msomaji mwenye busara atauliza: je, kila neno lastahiki kuwekwa? Swali hili ni la haki. Walioandika mwaka 1983 walidhani maneno yao yatafutwa baada ya wiki mbili. Mwaka 2001 wakaona ghadhabu zao za ujana, matusi yao na siri walizozitoa kwa wepesi, vyote vimewekwa wazi kwa jirani, kwa muajiri na kwa mtoto. Mapema zaidi, Deja ilipoanza mwaka 1995, palipatikana dasturi ya mwandishi kutia mstari juu ya andiko lake kuomba lisihifadhiwe. Ombi hilo lilifaa kwa anayeandika sasa, lakini aliyeandika miaka 10 nyuma hakuwa na njia ya kuliomba kabla.

Neno lililosemwa ili watu wote walisikie, lenye elimu au ushahidi ndani yake, kulipoteza ni khasara kwa watakaokuja. Ama aibu ya mtu, ugonjwa wake, ugomvi wa ndani ya nyumba yake, kuliweka jambo hilo ni deni shingoni mwa aliyeliweka. Mtunzaji mwema ana funguo mbili: moja ya kufungulia na moja ya kufungia. Na mwandishi mwema huandika kila neno kana kwamba litasomwa mbele yake baada ya miaka 20, kwani huenda likasomwa.

Hazina katika nyumba ya mwenyewe

Limebaki jambo moja. Mwanzoni mwa karne hii watu wa kawaida walianzisha mabaraza yao ya barua kwa maelfu katika Yahoo Groups, bila ya malipo: jamaa waliotawanyika, wanafunzi wa skuli moja, wagonjwa wa maradhi mamoja. Waliandika miaka na miaka, na barua zote zilikaa kwa kampuni. Mwezi wa Oktoba 2019 kampuni ikatangaza kwamba yaliyowekwa humo yatafutwa, ikatoa muda wa miezi michache tu. Watu wa kujitolea wakakimbilia kuokoa walichoweza. Mwezi wa Disemba 2020 huduma yenyewe ikafungwa. Ambaye hakuwa na nakala yake, na hakuokolewa na mwengine, hakubaki na kitu.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba hata daftari, likiwa limelazwa nyumba ya mtu mwengine, siku moja mwenye nyumba atataka chumba chake.

Basi wewe, ndugu yangu, na wewe, dada yangu, mliokaa nyumbani na simu mkononi: khabari za ukoo wenu leo zimo katika makundi ya simu. Humo mna tarehe ya kufa kwa babu, wasia aliousema bibi na mjukuu akaunakili, maelezo ya mpaka wa shamba, majina ya waliohudhuria arusi. Msitosheke na kuyaona hapo. Yatoeni yaliyo ya maana, muyaandike jina la aliyesema na tarehe, myape kichwa kinachoeleweka, myaweke mahali pawili, na mmoja wa vijana apewe amana ya kujua yalipo. Na yale yasiyostahiki kubaki, yafuteni kwa mikono yenu kabla hayajawekwa na mkono usiokuoneeni haya. Kazi hii haitaki utajiri wala elimu kubwa. Yataka saa moja kwa mwezi, na mtu mmoja katika nyumba atakayesema: mimi ndiye nitakayetunza.